Nilidhani Ikangaa ni Neno

Nilipokuwa mdogo, Ikangaa halikuwa jina la mtu. Lilikuwa neno la baba. Ukitoka shule ukakimbilia ugali kabla hujanawa mikono, alikuambia, "Taratibu, Ikangaa." Ukitumwa soko la Majengo ukarudi kabla hajamaliza sigara yake, alicheka akasema, "Ikangaa huyo kafika."

Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, aliyeletwa Dodoma na kazi ya reli. Mama ni Mgogo wa Chamwino. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, lakini maneno ya pande zote mbili yalikuwa yakidondoka mezani kila siku, na kila neno nisilolijua nililipeleka upande mmojawapo. Hili la Ikangaa nililipeleka Tabora. Nikaamua kwamba maana yake ni mtu mwenye pupa, asiyejua kungoja. Niliishi na maana hiyo zaidi ya miaka thelathini.

Aliyenitoa gizani alikuwa Mjapani.

Alikuja shuleni kwetu mwaka 2014, kijana wa kujitolea, kufundisha hisabati kwa miaka miwili. Mimi nafundisha jiografia. Alikuwa na begi moja la nguo na glavu kubwa ya ngozi ya kudakia mpira wa besiboli, ambayo wanafunzi waliigombania kama kitu kilichoshuka kutoka angani. Wiki yake ya kwanza tulikuwa tumekaa katika chumba cha walimu tukinywa chai. Aliweka kikombe chini, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha darasani, kilichonyooka kuliko changu:

"Mwalimu, samahani. Ikangaa alikuwa akifanya mazoezi barabara gani?"

Nilicheka. Nikajiuliza neno la baba yangu kalitoa wapi.

"Ikangaa gani?"

"Juma Ikangaa," alisema, akinitazama kana kwamba nimemfanyia mzaha. "Mkimbiaji wa marathoni. Amezaliwa hapa Dodoma."

Walimu wawili wa umri mkubwa waliokuwa pale waliitikia kwa vichwa, ndiyo, Ikangaa, yule mwanajeshi. Mimi nilikaa kimya. Mtu kavuka bahari akanikuta mjini kwangu, akaniuliza habari za mtu wa mji wangu, na mimi nilidhani mtu huyo ni neno.

Jioni ile alinionyesha video kwenye kompyuta yake. Kwao ni Fukuoka, na baba yake alikuwa mmoja wa watu waliosimama kando ya barabara tarehe 4 Desemba 1983. Picha zilikuwa hafifu. Mtu mfupi, mweusi, mwepisi, anakimbia mbele. Nyuma ya bega lake, karibu kiasi cha kumkanyaga kisigino, yupo Mjapani, Toshihiko Seko. Ikangaa anakimbia, Seko anamfuata. Wanaingia uwanjani bado wako hivyo hivyo. Halafu, katika mita za mwisho kabisa za kilomita 42, Seko anachomoka. Anapita. Uwanja mzima unapiga kelele. Seko 2:08:52, Ikangaa 2:08:55.

Sekunde tatu. Niliomba airudishe nyuma. Akairudisha. Matokeo yakawa yale yale.

"Sisi tulishangilia," alisema. "Lakini baba yangu alisema, yule wa pili ndiye aliyekimbia mbio. Seko alikimbia mita mia."

Kesho yake, baada ya vipindi, alinieleza jambo hilo kwa namna yake. Alichukua kijiti akachora vumbini uwanja wa besiboli, maana kila jambo lake liliishia kwenye besiboli. Alisema mchezo ule wote hauanzi mpaka mtu mmoja arushe mpira. Mrushaji anasimama peke yake juu ya kijiduta katikati ya uwanja, mpigaji anamngoja na gongo lake, na kila kinachotokea baadaye kinatoka mkononi mwa yule mmoja. Shujaa wake wa utotoni alikuwa Hideo Nomo, mrushaji aliyetoka timu ya Kintetsu Buffaloes ya Japani akaenda Los Angeles Dodgers mwaka 1995. Alinionyesha alivyokuwa akirusha: anainua mikono juu, anajipinda mpaka anampa mpigaji mgongo, anatulia kidogo, kisha anajifungua kama kamba iliyosokotwa. Wanafunzi walimwiga mwezi mzima kwa mawe na makokwa ya maembe, mpaka mwalimu mkuu akapiga marufuku.

Nomo, alisema, alikuwa na mipira miwili. Wa kwanza ni wa kasi, umenyooka, huna siri ndani yake. Mpigaji akiuona mapema anaupiga. Wa pili unashikwa kwa vidole viwili vilivyotanuliwa. Unakuja ukifanana na ule wa kwanza, halafu ukimkaribia mpigaji unazama, na gongo linapiga upepo. Mpigaji hajui ni upi unaokuja. Humo ndimo mlimokuwa na nguvu za Nomo.

"Ikangaa alikuwa na mpira mmoja tu," alisema. "Ule ulionyooka. Na dunia nzima ilijua ndio unaokuja. Akautupa hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka."

Nilianza kumtafuta mtu wangu. Nilikuta maisha yaliyonyooka kama alivyosema. Alizaliwa mwaka 1957. Alikuwa askari wa JWTZ. Mwaka 1982, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Brisbane, yeye na Mtanzania mwenzake Gidamis Shahanga waliondoka mapema wakaliacha kundi. Rob de Castella wa Australia aliwafukuza taratibu, na mwisho akamshinda Ikangaa kwa sekunde kumi na mbili, 2:09:18 kwa 2:09:30. Mwaka uliofuata ndio ule wa Fukuoka. Alishinda Tokyo mwaka 1984, akashinda tena Tokyo mwaka 1986 kwa 2:08:10, na mwaka huo huo akarudi Fukuoka, mji uliomwona akipitwa, akashinda. Mwaka 1987 alishinda Beijing. Kwenye Olimpiki alikuwa wa sita Los Angeles mwaka 1984, wa saba Seoul mwaka 1988.

Halafu kuna Boston. Mwaka 1988 alikuwa wa pili nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja: 2:08:43 kwa 2:08:44. Mwaka 1989 alikuwa wa pili nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 wa pili tena, nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia. Miaka mitatu, mji mmoja, nafasi ile ile. Katikati ya hiyo miaka, Novemba 1989, ikaja New York. Safari hii alipoondoka hakuna aliyemfikia. Alimaliza kwa 2:08:01 akiwa peke yake barabarani, zaidi ya dakika moja na nusu mbele ya wa pili, na ile rekodi ya njia ya New York ilikaa mpaka mwaka 2001.

Anayekimbia mbele ndiye anayepasua upepo. Anayemfuata anajificha nyuma yake kama mtu anayetembea nyuma ya lori. Wa mbele anaamua mwendo, na kuamua kunachosha. Wa nyuma ana kazi moja tu, kutoachwa. Kwa nini basi mtu mwenye akili akimbie hivyo? Kwa sababu si kila mtu kajaliwa kasi ya mita mia za mwisho. Ukimpeleka Seko polepole mpaka uwanjani, umekwisha. Njia yako pekee ni kufanya safari iwe ngumu tangu mapema, kiasi kwamba akifika uwanjani hana miguu ya kuchomokea. Wakati mwingine inawezekana, kama New York. Wakati mwingine mwenzako anabakiwa na sekunde moja ya miguu, na hiyo inatosha.

Niliyaelewa haya kwa urahisi ulioniumiza, kwa sababu niliwahi kukimbia hivyo.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mashindano ya shule za sekondari, uwanja wa Jamhuri, mita 5,000, mizunguko kumi na miwili na nusu. Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati upepo wa Dodoma unapobeba vumbi na kulitupa usoni kama mtu mwenye kisasi. Bunduki ilipolia niliondoka. Sikuwa na mpango wowote. Niliona tu mbele pako wazi nikapaendea. Niliongoza mizunguko kumi na mmoja, na wa kumi na mbili. Nyuma yangu nilikuwa nikisikia pumzi za mtu mmoja tu, kijana kutoka Kondoa, na nikajiambia kwamba pumzi zile zinachoka. Hazikuwa zikichoka. Mita themanini kabla ya mwisho alinipita, wala hakunitazama.

Mwalimu wa michezo aliniambia mbele ya wenzangu, "Umembeba yule mtoto mgongoni mpaka mlangoni, halafu umemfungulia mlango." Wote walicheka. Nilikuwa nimezoea kuchekwa, hilo halikuniua. Kilichoniua ni baba.

Alikuwa amekuja. Sikujua kama angekuja. Alisimama kwenye uzio akiwa bado na ovaroli ya reli, mikono imeshika waya. Nilimwendea. Nikamwamkia, "Shikamoo, Baba." Akaitikia, "Marahaba." Akanitazama muda mrefu, kisha akasema, "Leo umekuwa Ikangaa kweli kweli."

Mimi nilisikia: leo umekuwa mwenye pupa kweli kweli.

Sikukimbia tena. Sikumwambia mtu sababu. Nilisema masomo yamekuwa mengi. Na kidogo kidogo niligeuka mtu wa kukaa nyuma. Kwenye vikao sizungumzi mpaka wengine wameongea. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma na watu wakawa wananunua viwanja Ihumwa na Nala, mimi nilisema tungoje tuone bei itakaa wapi. Bei haikukaa. Leo napita barabarani naona maghorofa kwenye ardhi ambayo ningeipata kwa mshahara wa miezi michache. Simlaumu mtu kwa hilo. Nilichagua kuwa wa nyuma, na hakuna aliyeniambia kwamba wa nyuma naye anaweza kuachwa.

Baba alifariki mwaka 2006, bila mimi kumuuliza alimaanisha nini. Mtu haulizi maana ya neno analodhani analijua.

Baada ya ile video nilikwenda Chamwino kwa mama. Alikuwa amekaa uani akichambua mlenda. Baada ya salamu na habari za nyumbani nilimuuliza, "Mama, Ikangaa ni neno la kwao Baba?"

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Neno? Mwanangu, huyo ni mtu! Yule askari mkimbiaji. Baba yako alikuwa haambiliki juu yake. Redio ikimtaja, hakuna kuzungumza humu ndani."

Kisha akanisimulia usiku mmoja. Habari ilisomwa redioni kwamba Ikangaa kakimbia huko Marekani. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akaizima redio, akatoka nje. Mama alipomfuata alimkuta amesimama uani gizani, hasemi kitu, machozi yanamtoka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo.

"Ilikuwa mbio zipi, Mama? Zile alizoshinda, au zile za sekunde moja?"

Alifikiri. "Marekani. Ndilo ninalokumbuka. Marekani."

"Alilia kwa furaha au kwa uchungu?"

"Ilikuwa giza," alisema mama.

Ingekuwa New York, basi neno la baba pale kwenye uzio lilikuwa kubwa kuliko sifa zote nilizowahi kupewa. Ingekuwa Boston, basi alikuwa ananipa pole: nimekuona ukiongoza, nimekuona ukipitwa, najua mtu mwingine aliyepatwa na hilo. Nimeligeuza pande zote. Kitu kimoja tu nina hakika nacho sasa: hakikuwa tusi. Na mimi nilikaa nacho kama tusi, nikaacha kukimbia kwa ajili yake.

Mjapani wetu alimaliza muda wake akarudi kwao. Glavu aliiacha, iko kabatini, imepasuka kwenye kidole gumba.

Binti yangu sasa ana miaka kumi na mitatu, na anakimbia. Sikumfundisha. Alianza mwenyewe, na mara ya kwanza nilipomwona kwenye mita 1,500 za shuleni kwao nilishika waya wa uzio kwa nguvu: aliondoka kama mimi. Mbele pako wazi, akapaendea. Wakampita wawili mwishoni.

Nilijua historia yote ya Ikangaa wakati huo. Nilikuwa nimeshaihadithia kwenye madarasa, nimeshawaambia wanafunzi kwamba mtu wa Dodoma aliwahi kuuongoza mji wa New York toka mbali. Lakini mtoto wako anapoumia, hekima ya darasani huisahau. Nilimwambia, "Mama, safari ijayo kaa nyuma. Mwache mwenzio apasue upepo. Ukiona mita mia mbili, ndipo utoke."

Alinitii. Mashindano yaliyofuata alikaa nyuma, katikati ya kundi, akiwa amebanwa na viwiko vya wenzake. Mita mia mbili zilipofika alitafuta njia ya kutokea, akakuta imefungwa. Alikuwa wa nne. Alikuja kwangu hakuhema hata kidogo. Hilo ndilo lililonishtua: wenzake walikuwa wamelala kwenye majani na yeye amesimama wima, uso mkavu.

"Nimebaki na pumzi, Baba," alisema. "Sasa nizipeleke wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulirudi nyumbani kwa daladala, kila mmoja akitazama dirisha lake.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Septemba 2025, tulikesha naye kwenye simu. Mashindano ya dunia ya riadha yalikuwa Tokyo, na kwenye marathoni alikuwemo Alphonce Simbu, askari wa JWTZ kama Ikangaa, mtu wa Singida, majirani zetu wa uwanda huu huu wa mibuyu na mtama. Mwaka 2017 alipata shaba London. Aprili mwaka huo wa 2025 alikuwa wa pili Boston, na niliposikia "wa pili Boston" nilihisi kama naifahamu habari hiyo tangu zamani.

Tokyo ilikuwa na joto. Kundi lilikwenda likipungua. Simbu tulimtafuta kwenye picha. Mara yupo, mara hayupo. "Amejificha," alisema binti yangu. Waliingia uwanjani, na Amanal Petros wa Ujerumani akawa mbele kwenye mita za mwisho. Simbu alitoka nyuma yake. Mpaka kwenye mstari hatukujua ni nani. Petros alijitupa akaanguka. Wote wawili waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, na ilibidi picha itazamwe. Tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde: 0.03. Dhahabu ya Simbu, na ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Nilipiga kelele mpaka mke wangu akaamka. Binti yangu alikuwa akiruka juu ya kochi. Halafu akatulia, akanigeukia.

"Ulikuwa umesema kweli, Baba. Alikaa nyuma."

Ningeweza kuikubali ile. Ilikuwa zawadi, na kila mzazi anapenda kuambiwa alisema kweli. Lakini kwenye simu walikuwa wakirudia ule mwisho, na mimi nilikuwa namtazama yule aliyelala chini. Nilikuwa nimeshamwona kabla, Fukuoka, miaka arobaini na miwili nyuma, akiwa na jina lingine.

Nikamsimulia. Nilimwambia habari za Seko na zile sekunde tatu, za Boston mara tatu, za New York. Nilimwambia kwamba Ikangaa alipomaliza mbio zake hakuacha kutangulia. Ni mmoja wa waliosukuma mashindano ya riadha ya wanawake ya Ladies First, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza Dar es Salaam Novemba 2017 kwa ushirikiano na JICA, ili wasichana kama yeye wapate pa kukimbilia. Nilimwambia habari za Nomo na mipira yake miwili. Mwisho nilimwambia lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu: uwanja wa Jamhuri, kijana wa Kondoa, babu yake na ovaroli ya reli.

"Babu alimaanisha nini?" aliuliza.

"Sijui, mama."

Alifikiri. Nje jogoo wa jirani alikuwa ameanza.

"Simbu ana mipira miwili," alisema. "Mimi bado nina mmoja. Sasa nikiuacha huo, si nitabaki sina hata mmoja?"

Jumamosi iliyofuata tulitoka kabla ya jua, barabara ya kuelekea Ihumwa, yeye kwa miguu na mimi kwa baiskeli. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na asubuhi za Septemba bado zina baridi kidogo kwenye masikio. Nilikuwa nimekusudia kumpimia mwendo: kilomita ya kwanza polepole, ya pili polepole. Hakuningoja nipande vizuri. Niliona tu soli za viatu vyake.

Nilikanyaga pedali. Upepo ulitokea mbele, ukampiga yeye kwanza. Nilipokuwa nyuma yake niliusikia umepungua, na nikajua ananikinga bila kujua. Nilifungua mdomo nimwambie apunguze, njia bado ni ndefu. Lililotoka lilikuwa la baba.

"Taratibu, Ikangaa!"

Aligeuka akacheka. Hakupunguza.